Vanishi ya Masika

"Nyeupe tena," alisema mzee Yakobo, na wala hakuhangaika kutafuta miwani yake ili aione.

Erasto alikuwa ameligeuza gitaa kuelekea mlangoni, pengine mwanga wa asubuhi ungemwonea huruma. Lakini mwanga wa Ipinda mwezi wa Aprili hauna huruma na mtu. Vanishi aliyoipuliza jana jioni, ikalala nyekundu inayong'aa, ilikuwa imeamka na ukungu mweupe toka shingoni mpaka chini, kama kioo kilichohemewa.

"Ni unyevu, tata. Thina ikikauka wakati wa mvua inavuta maji."

"Na makochi unayafanyaje?"

"Makochi nayangojea jua."

"Basi wewe ni fundi wa jua." Mzee akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi. Alipopata pumzi akaongeza kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi: "Mikono yako ni ya makochi, mwanangu. Sikulaumu. Kila mkono na kazi yake."

Erasto akainama kuokota msasa, akaanza kukwangua upya. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni, mtu aliyepaka rangi viti vya nusu ya wakubwa wa Kyela, na bado neno moja la baba yake lilimrudisha utotoni, pale aliposimama na daftari lenye alama mbaya. Katika nyumba hii kujibu hakukuwa tabia ya watoto, hata wakizeeka.

Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme, zee kuliko Erasto. Yakobo alilipigia dansi Tukuyu na Mbeya enzi za ujana wake, kabla hajaokoka. Kanisa lilimpokea yeye na gitaa lake kwa sharti kwamba lisifanane tena na gitaa la baa, kwa hiyo akalipaka rangi nyeupe ya nyumba. Kisha kwaya ikataka sauti kubwa zaidi, akachukua patasi na kulitoboa tumbo, akalipachika koili ya kunasa sauti kutoka gitaa jingine bovu na swichi ya redio. Miaka ikapita, koili ikafa, kwaya ikanunua kinanda, na gitaa likabaki juu ya kabati likiwa na tundu lake.

Mwezi uliopita ndipo alipotokea Sylvester, mjukuu wa kiongozi wa bendi ile ya zamani. Alikuwa akiandaa sherehe ya kumbukumbu huko Mbeya, na katika simu yake alikuwa na picha: vijana wanane waliovaa suruali pana, na katikati yao Yakobo na gitaa jekundu lililoiva kuwa jeusi kwenye kingo. "Babu, ukija nalo likiwa hivi, watu watalia," alisema. Mzee aliishika simu ile muda mrefu mpaka kioo kikazimika. Akamtazama mwanawe, akauliza, "Unaweza?"

Ulikuwa muda mrefu tangu Yakobo amwombe Erasto kitu chochote. Ndiyo sababu Erasto alikubali kabla hajafikiri kwamba ni masika. Aliibandua rangi nyeupe kwa thina na kisu butu, akaliziba tundu kwa kipande cha mninga na gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapaka rangi nyekundu katikati na kuififisha kuwa nyeusi pembeni kama ilivyo pichani. Yote hayo yalimkubali. Vanishi tu ndiyo iliyomkataa, na gari la Sylvester lilikuwa linakuja kesho.

"Na leo ikikataa?" mzee aliuliza.

"Leo haikatai," alisema Erasto.

*

Jikoni, upande wa pili wa ua, Hellen alisikia kila neno na akajifanya hasikii. Mkamwana wa Kinyakyusa huishi hivyo. Tangu aolewe na Erasto, hakuwa amewahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake, wala kumtazama usoni, wala kulitamka jina lake. Wenyewe huiita ukutila, na huiita heshima. Siku hizi wapo wengi mjini walioiacha, wakaketi meza moja na wakwe zao wakala wali. Lakini mzee Yakobo hakuwa mtu wa mjini, na Anyisile, dada mkubwa wa Erasto, alikuwa mlinzi wa desturi hiyo kuliko mzee mwenyewe.

Zamani mambo yalikuwa rahisi, maana mzee alikaa kwake Busale. Mafuriko ya mwaka jana yaliiangusha nyumba yake ya udongo, akahamia hapa na Anyisile wa kumhudumia. Akapewa chumba cha nyuma, ambacho ndicho pekee chenye sakafu ya saruji na dari. Bahati mbaya dirisha la chumba hicho lilitazamana na jiko la Hellen, hatua chache tu. Dirisha likafungwa na likabaki limefungwa. Mlango nao ulifungwa kila Hellen alipokuwa uani, na yeye akitaka kupita alikohoa kwanza. Mzee akiwa karibu na mlango, alikohoa kumjibu, naye Hellen akasubiri. Walikoholeana hivyo kwa mwaka mzima, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote.

Hellen alikuwa mtoto wa Kasumulu, mpakani, aliyelelewa kati ya magunia ya wafanyabiashara na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Malawi. Mwezi wa kwanza wa ndoa yake alikutana na baba mkwe uso kwa uso njiani, kuni kichwani, akamwamkia "Shikamoo baba" kama alivyofunzwa kwao. Wazazi wake walilazimika kuja na kuku na maneno ya kuomba radhi. Kuku aliliwa siku ile ile, ila hadithi yake haikwisha. Anyisile aliisimulia kila harusi, watu wakacheka, na Hellen akacheka nao akiwa anatamani ardhi ipasuke.

Asubuhi hiyo alimwona mumewe akivuka ua na jiko la mkaa, makaa yamekolea mpaka yamekuwa mekundu juu.

"Unalipeleka wapi hilo?"

"Kwa tata. Gitaa nimelitundika kwenye dari yake. Chumba kikipata joto, vanishi haitapata ukungu."

"Naye akiwa humo ndani?"

"Sasa akae wapi, mvuani? Mwenyewe amekubali. Anataka kuliona likikauka."

Hellen akaacha kuchambua mchele. "Baba Neema, fungueni basi dirisha."

"Unyevu utaingia. Halafu wewe uko hapo hapo jikoni unamwona. Unataka tena mambo ya kuku?"

"Kule kwetu dereva wa lori alipika ndani ya lori lake mvua ikinyesha, akapandisha vioo. Asubuhi tulimkuta amekaa vile vile, mkono kwenye usukani. Hakuwa na jeraha hata moja."

"Alikuwa amelewa."

"Hakuwa mlevi. Namjua, alikuwa akinunua chapati kwa mama."

"Hellen." Erasto alisema jina lake kama mtu anayefunga mlango. "Mafundi wote wanakausha hivi masika. Usinitie mkosi leo."

Alisema kweli, mafundi wote hukausha hivyo. Asichosema ni kwamba hakuna fundi anayelala na kochi.

*

Saa nne hivi Anyisile alitoka chumbani kwa mzee akiwa amebeba sahani tupu ya ndizi. Alikuwa amejifunga kanga ya msiba. Kulikuwa na kilio Busale, cha jirani yao wa zamani, na nusu ya kijiji ilikuwa tayari njiani. Hellen akamfuata mpaka penye mgomba.

"Wifi, naomba. Kabla hujaondoka, mwambie afungue dirisha kidogo. Mimi nitakaa mbele ya nyumba, sitapika huku. Hataniona."

Anyisile akamtazama juu mpaka chini. "Tangu lini mkamwana akapanga dirisha la mkwewe?"

"Sipangi. Ni ule mkaa."

"Kuna joto zuri mle ndani. Hata kifua chake kimetulia, amesema anataka kusinzia. Wewe unaona mkaa, mimi namwona baba yangu anacheka na gitaa lake." Akakaza kanga. "Mwe! Watu wa mpakani mnajua kila kitu."

"Basi mlango tu, wifi."

"Ndaga fijo kwa mashauri," alisema Anyisile, asante ya Kinyakyusa iliyojaa kejeli, na akashika njia.

Muda mfupi baadaye Erasto naye aliondoka kwa bodaboda kwenda Kyela mjini kutafuta nyuzi mpya za gitaa, maana za zamani zilishika kutu. Kabla hajapanda alifungua mlango wa mzee, akaongeza mkaa, akagusa vanishi kwa ncha ya kidole. Ilikuwa safi, haina hata wingu, na nyekundu ile ilionekana kuwa na kina kirefu ndani yake. Moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameijua kwa miaka. Mzee alikuwa amejilaza, macho nusu.

"Unaliona, tata?"

"Naliona," alisema Yakobo. Kisha, kama mtu anayelipa deni la zamani kwa shida: "Umelirudisha, mwanangu. Funga mlango, mkeo yuko nje."

Erasto akaufunga vizuri.

*

Mvua ilirudi mchana, ile ya Kyela isiyo na upepo wala radi, inayomwagika tu kana kwamba mtu amesahau kuifunga. Hellen alikuwa ametoka mbele ya nyumba kama alivyoahidi. Neema, binti yake mdogo, alikuwa amelala usingizi wa mchana. Hellen alipika mawazo tu, na kila yalipomzidi alinyanyuka, akaenda kwenye kona ya nyumba, akakohoa.

Mara ya kwanza alijibiwa. Kikohozi kilikuwa cha mbali, lakini kilikuwa kikohozi.

Mara ya pili hakujibiwa, akajiambia amelala. Wazee hulala.

Mara ya tatu alikohoa mpaka koo likamwasha. Akachukua sufuria na mwiko, akaigonga kama anayefukuza kunguru. Ndani kimya. Mvua ilikuwa inapiga bati, naye akajidanganya kwamba labda ndiyo iliyomziba mzee masikio. Akapiga simu ya mumewe, haikupatikana. Akakimbilia barabarani huku matope yakimvua kandambili. Kwa jirani, mama Jubilate, kufuli. Nyumba ya pili, kufuli. Wote walikuwa kilioni. Hakupata mwanamume, wala mwanamke asiyekatazwa, ambaye angeweza kusukuma mlango ule badala yake.

Akarudi. Akasimama mbele ya mlango, mkono ukiwa umeushika ubao, na mkono ule haukusukuma. Tusimcheke Hellen. Ni rahisi kusema "ningeingia" ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Yeye alikuwa akimwona Anyisile kwenye harusi ijayo, akisikia vicheko. Aliona pia jambo baya zaidi: mzee anaamka salama, anamkuta mkamwana amesimama juu ya kitanda chake. Baada ya hilo, nyumba hii isingemtaka tena.

Alipoingia, aliingia kinyumenyume. Alijifunika kanga kichwani, akafumba macho, akasukuma mlango kwa mgongo na kurudi nyuma hatua kwa hatua, akipapasa ukuta. Joto lilimpokea shingoni, zito, likiwa na harufu ya vanishi. Kichwa kikaanza kumgonga. Akalitafuta dirisha kwa vidole huku bado amekipa kitanda kisogo, akahangaika na komeo lililokaza kwa mwaka mzima wa kutofunguliwa. Muda ulikwenda. Komeo likaachia, hewa ikaingia.

"Baba," aliita, bado hajageuka. "Baba, amka utoke nje. Mimi siangalii."

Akasubiri ajibiwe. Kisha akageuka.

Alimshika kwapani akamburuta, visigino vya mzee vikichora sakafu, mpaka barazani penye hewa. Mzee alikuwa bado na joto. Midomo yake ilikuwa na wekundu mzuri, wa kijana, na hilo lilimtisha Hellen kuliko weupe wowote. Akamsugua kifua, akamwita, mwishowe akamwita kwa jina lake, Yakobo, Yakobo, jina ambalo hakuwahi kulitamka, na halikumwamsha. Ndipo alipomtazama uso vizuri kwa mara ya kwanza, akaona kwamba alifanana sana na Erasto.

*

Erasto alifika akiwa amelowa, nyuzi za gitaa zimo kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Alipiga magoti, akamtikisa baba yake, akalia kwa sauti ambayo Hellen hakuijua. Kisha akanyamaza ghafla, akainuka na kuingia chumbani. Hellen alidhani amekwenda kuchukua blanketi.

Alitoka na jiko. Akayamwaga makaa kwenye maji ya mvua, yakafoka na kuzimika, akalipeleka jiko hilo nyuma ya migomba. Aliporudi ndipo alipopiga yowe la kuita watu.

Mzee wa umri wake, mwenye kikohozi, hakuna aliyeuliza sana amekufaje. Waliuliza jambo jingine. Nani alimtoa nje? Jibu lilipopatikana, lilikwenda Busale na kurudi kabla jeneza halijapigiliwa misumari.

"Asubuhi alikula ndizi zote," Anyisile aliwaambia wanawake, sauti imekauka kwa kulia. "Alikuwa anacheka. Amemshika! Amemshika kwapani, amemwita jina kama mtoto mwenzake. Mtu angeishije?"

Wazee wa huku husema kwamba watu wakikunung'unikia kwa pamoja, pumzi yao hukuingia mwilini kama baridi. Hellen hakuwa akiamini, lakini siku zile za msiba alitetemeka hata penye moto. Wanawake walisogeza vyombo alipokaribia. Sylvester alikuja kuhani, akatazama gitaa, akasema limependeza sana, akaondoka bila kulichukua.

Hellen alimbana Erasto nyuma ya choo, mahali pekee walipoweza kuwa wawili.

"Waambie."

"Yatapita. Maneno ya watu ni ya watu."

"Wanasema nimemuua baba yako."

"Wanasema umevunja mwiko. Watatutoza ng'ombe, nitatafuta, nitatoa, yataisha." Akamshika mikono, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Wewe una dawa, Hellen. Umekosea desturi, desturi ina ng'ombe wake. Mimi wakijua nimemuua tata kwa mkono wangu, nitalipa na nini?"

Alikuwa anampenda mkewe, na aliyasema hayo akimpenda. Ndiyo maana Hellen alinyamaza siku zote zile.

*

Baada ya matanga ukoo ulikaa barazani. Ambwene, mdogo wake marehemu, aliketi kwenye kiti alichokipaka rangi Erasto mwenyewe. Wanawake walikuwa kwenye mkeka, Hellen mwisho kabisa, karibu na mlango, Neema mapajani.

Ambwene hakuwa mtu mkali. Alieleza taratibu kwamba ukoo umeumia, kwamba mkamwana atarudi kwao Kasumulu mpaka wazee wake waje na ng'ombe wa kusafisha nyumba.

"Na mtoto?" aliuliza Erasto.

"Mtoto ni wa ukoo. Atabaki kwa shangazi yake."

Neema hakuelewa, alikuwa akichezea pindo la kanga ya mama yake. Hellen alimtazama mumewe. Erasto alikuwa akitazama sakafu.

"Kabla hatujafunga," alisema Ambwene, "nataka nielewe kitu kimoja. Erasto, wewe ndiye mwenye nyumba. Kaka alikuwa mzima. Siku ile, mle chumbani kulikuwa na nini?"

"Gitaa tu, baba mdogo. Lilikuwa linakauka."

"Gitaa tu?"

"Gitaa tu."

"Na jiko la mkaa," alisema Hellen.

Baraza zima liligeuka. Mkamwana alikuwa amesema mbele ya wakwe, tena kwa sauti.

"Aliliwasha asubuhi, dirisha limefungwa, mlango umefungwa. Nimechelewa kuingia, hilo ni langu na nitalibeba. Nilisimama mlangoni nikiwaogopa ninyi. Lakini jiko alilitoa yeye, akalificha nyuma ya migomba. Liko pale mpaka sasa."

"Erasto?" aliita Ambwene.

"Mwanamke anaokoa ngozi yake," alisema mzee mmoja. "Shahidi wako ni nani, mkamwana?"

Hellen hakuwa na shahidi. Akamkumbatia Neema, akafungua mdomo kusema hivyo. Lakini katikati ya mkeka, Anyisile alikuwa amesimama. Kanga ya msiba ilikuwa imemdondoka mabegani na hakuiokota.

"Mimi," alisema. "Alinifuata penye mgomba. Aliniomba nimwambie baba afungue dirisha. Akasema basi hata mlango. Sikumwambia. Nilimcheka."

Hakuna aliyemwambia akae. Ambwene alishusha kichwa mikononi. Erasto aliinuka, akapita kati ya wazee bila kumtazama mtu, akaenda nyuma ya migomba, na walimsikia kule akilia. Hellen alibaki pale pale karibu na mlango, mtoto mapajani, akingoja mtu amwambie aondoke au abaki.